Kunazi Isiyotafunwa: Kijana wa Kichina na Ukurasa wa Kiingereza

Kijana wa miaka kumi na mitano wa Chengdu, Taipei au Hong Kong anapofungua ukurasa wa Kiingereza, huufungua akiwa tayari ni msomaji aliyekomaa katika mojawapo ya mifumo migumu zaidi ya maandishi inayotumika duniani leo, na jambo hilo ndilo la kwanza kusahauliwa pale walimu, wazazi na watunzi wa vitabu wanapolalamikia udhaifu wake wa kusoma. Kufikia umri huo amekwisha kujifunza maelfu ya hanzi, yaani alama za maandishi ya Kichina, ambazo kila moja kwa kawaida husimamia silabi moja yenye maana yake. Orodha rasmi iliyotolewa na serikali ya China mwaka 2013 ina hanzi 8,105, na 3,500 kati ya hizo zimewekwa katika daraja la kwanza la matumizi ya kawaida. Mtu aliyefika hapo hahitaji kuelezwa kusoma ni nini, kwa maana anajua kukisia, anajua kurudi nyuma pale maana inapomponyoka, na anajua kutofautisha kiini cha habari na mapambo yake. Mazungumzo haya yanahusu sababu zinazozifanya stadi hizo, alizozijenga tangu darasa la kwanza, zibaki mlangoni lugha inapobadilika, pamoja na aina za mazoezi yanayoweza kuzikaribisha ndani.

Sababu ya kwanza imejificha katika herufi zenyewe, mahali ambapo wengi hawatazamii kuikuta. Mtoto wa China Bara huanza shule kwa kufundishwa pinyin, yaani mfumo wa kuandika matamshi ya Kichina kwa herufi za Kilatini, uliopitishwa rasmi mwaka 1958 na ambao Zhou Youguang alikuwa miongoni mwa waundaji wake wakuu. Herufi za Kiingereza kwa hiyo si ngeni machoni pake. Ugeni uko katika sauti, kwa sababu katika pinyin herufi c hutamkwa karibu na “ts”, q hukaribia “ch”, x hukaribia “sh”, na irabu nazo zina mazoea yake. Neno linaloandikwa “long” lilikuwa joka kabla halijawa sifa ya kitu kirefu, “men” lilikuwa mlango kabla halijawa wanaume, “she” lilikuwa nyoka, na “fan” lilikuwa wali. Msomaji wa Kiswahili anaielewa hali hiyo bila maelezo marefu, kwani naye hukutana na “pole” na “wake” katikati ya sentensi ya Kiingereza, na jicho lake huyasoma kwa Kiswahili kabla akili haijalikanya.

Nje ya China Bara mambo ni mengine. Taiwan watoto huanza na zhuyin, mfumo wa alama 37 za matamshi zisizofanana na herufi za Kilatini, ilhali Hong Kong, ambako lugha ya nyumbani kwa walio wengi ni Kikantoni, kwa desturi hanzi hufundishwa kwa kutazamwa na kutamkwa nzimanzima, bila kupitia mfumo wowote wa herufi. Mwaka 1996 watafiti Alison Holm na Barbara Dodd walichapisha ulinganisho wa wanafunzi wa chuo kikuu waliotoka Hong Kong, China Bara, Vietnam na Australia, wakaonyesha kwamba wale wa Hong Kong waliyamudu maneno halisi ya Kiingereza lakini walikwama walipopewa maneno ya kubuni, yaani mifuatano ya herufi inayotamkika ingawa haina maana yoyote. Uzito wa matokeo hayo haukosi kuonekana: mtu anaweza kusoma Kiingereza miaka yote ya shule, akafaulu mpaka chuo kikuu, na bado kila neno jipya likawa kwake picha mpya, nayo picha haina njia ya kuingia kichwani isipokuwa kukaririwa mojamoja.

Anayesoma kwa picha huyachanganya maneno yenye sura za kindugu, kama “through”, “though”, “thought” na “thorough”, na mara nyingi hujaribu kujiokoa kwa kuandika hanzi juu ya neno la Kiingereza ili zimkumbushe sauti. Mfano unaojulikana na karibu kila mwanafunzi wa Kichina ni “thank you” iliyogeuzwa kuwa “san ke you”, ambayo kwa maana yake ya Kichina ni gramu tatu za mafuta. Mzaha huo unachekesha, lakini gharama yake hulipwa baadaye, pale kijana anapotakiwa kusoma kimyakimya na sauti ya ndani, ile inayomsaidia msomaji kulishika neno la mwanzo wa sentensi mpaka afike mwisho, ikawa ni ya mafuta na magramu. Zoezi la kwanza linalomfaa, basi, ni lile ambalo shule nyingi hulihesabu kuwa la watoto wadogo, nalo ni kufundishwa waziwazi uhusiano wa herufi na sauti, kwa kuyachukua maneno mapya ya habari itakayosomwa, kuyakata katika silabi, kuyatamka kwa vipande na kuyaunga tena, hata kabla maana zake hazijatolewa. Halihitaji nyimbo wala michoro ya wanyama. Heshima ya kijana hulindwa kwa kutumia maneno ya kiwango chake, na “photosynthesis” hukatika silabi vizuri kama linavyokatika neno jingine lolote.

Hapa pana nafasi ya redio, chombo ambacho siku hizi huhesabiwa kuwa cha wazee. Tangu mwaka 1962 Taiwan imekuwa na kipindi kiitwacho Studio Classroom, kilichoanzishwa na Mmarekani Doris Brougham, ambacho kwa miongo mingi kimeambatana na jarida la kila mwezi, na jina lake la Kichina lina maana ya darasa la Kiingereza la hewani. Msikilizaji hufungua jarida, hufuata maandishi kwa macho huku sauti ikimwongoza, na mambo mawili hutokea kwa pamoja: neno hupata sauti yake sahihi palepale linapoonekana, na jicho hukatazwa kurudi nyuma kila hatua, kwa sababu msomaji wa redioni hangoji. Mbinu hiyo ya kusoma huku mtu akisikiliza ni nyepesi, haihitaji vifaa vya gharama, na inazidi kwa mbali ile desturi ya zaodu, yaani usomaji wa asubuhi katika shule za China, ambapo darasa zima hupaza sauti kabla ya vipindi kuanza, kila mmoja kwa mwendo wake na kwa makosa yake, bila kielelezo cha kumsahihisha. Zaodu hujenga nidhamu na kumbukumbu. Kudai kwamba hujenga usomaji ni kuipa sifa isiyo yake.

Katika msamiati hali inageuka, kwa kuwa Kichina kimempa kijana silaha ambayo walimu wake wa Kiingereza hawaitumii vya kutosha. Maneno mengi ya Kichina ni maungano yanayojieleza yenyewe: “dian” ni umeme, hivyo “dianhua”, simu, ni maneno ya umeme; “dianying”, filamu, ni vivuli vya umeme; na “diannao”, kompyuta, ni ubongo wa umeme. Nyama ya ng’ombe ni “niurou” na ya nguruwe ni “zhurou”, kwa mpango uleule wa Kiswahili, ilhali Kiingereza kina “beef” na “pork”, majina yasiyofanana hata kidogo na ya wanyama wenyewe. Kijana aliyezoea kuzijenga maana kwa vipande hufadhaika anapokuta lugha inayoonekana kuwa rundo la majina yasiyo na nasaba. Nasaba ipo, lakini imefichwa katika Kilatini na Kigiriki: “port” ya kubeba imo katika “transport”, “import” na “portable”, na “tele” ya umbali imo katika “telephone” na “television”. Mwalimu anayezifundisha mofimu hizo, yaani vipande vidogo kabisa vya neno vyenye maana, kwa utaratibu uleule ambao mtoto alifundishiwa vijenzi vya hanzi, humrudishia kijana ustadi aliokuwa nao tayari.

Badala yake vijana wengi huletewa kitabu cha orodha ya maneno kilichopangwa kwa mfuatano wa alfabeti, na tangu zamani kuna utani miongoni mwa wanafunzi wa China kwamba neno la kwanza katika vitabu hivyo ni “abandon”, yaani kuacha, na kwamba wengi hulitii neno hilo kabla hawajafika la pili. Programu za simu zimechukua nafasi ya vitabu, na maarufu mojawapo inaitwa Baicizhan, jina linalobeba picha ya kuyafyeka maneno mia. Kufyeka maneno ni jambo moja na kuyatambua yakiwa mwituni ni jingine.

Ugumu ulio mkubwa kuliko yote, na ambao hauonekani kwa anayehesabu alama za mtihani tu, umo katika mpangilio wa sentensi. Kichina hutanguliza kila kinachoieleza nomino, hata kiwe kirefu namna gani, kikifungwa kwa kineno “de”, ambacho kazi yake inakaribiana na ile ya -a unganifu katika Kiswahili, ingawa mwelekeo wake ni wa kinyume. Kiingereza huweka maelezo marefu nyuma ya nomino. Sentensi kama “The boy who sold the newspapers that my father reads has left for Shanghai” kwa mpangilio wa Kichina ingeanza na kuuza, ifuate baba na kusoma kwake, kisha magazeti, na mvulana mwenyewe asitokee mpaka maelezo yake yote yamekwisha kupita. Msomaji wa Kiswahili hapati taabu hapo, kwa kuwa naye husema mvulana aliyeuza magazeti ambayo baba yangu huyasoma, na urejeshi wa lugha yake, yaani kile kipashio kinachoirejelea nomino iliyotangulia, hufuata njia ileile ya Kiingereza. Kijana wa Kichina, kwa upande wake, amelelewa kungoja nomino mwishoni. Anapofika “reads has left” hukuta vitenzi viwili vimegongana, na kwa kuwa katika lugha yake mtendaji kwa kawaida ni jina lililotajwa kabla tu ya kitenzi, hudhani ni baba aliyeondoka kwenda Shanghai.

Viunganishi navyo humtega. Kichina huvitumia viwili viwili, kimoja mwanzoni mwa kishazi cha kwanza na mwenzake mwanzoni mwa cha pili, kwa mfano “suiran” na “danshi”, yaani ingawa na lakini, au “yinwei” na “suoyi”, yaani kwa sababu na kwa hiyo. Kiingereza huridhika na kimoja. Msomaji aliyekutana na “although” huendelea kumngoja mwenzake, na asipomwona hapati dalili ya mahali hoja ilipogeuka. Vitenzi vya Kichina tena havibadiliki umbo kwa njeo, yaani kwa wakati wa tendo, kwa hiyo jicho limezoea kutafuta wakati katika maneno kama jana na kesho, na viambishi vya Kiingereza huruka bila kuguswa. “She would have come” husomwa na wengi kana kwamba alikuja. Hata “he” na “she” huleta mkanganyiko usiotazamiwa, kwa kuwa katika mazungumzo ya Kichina zote ni “ta”, kama yeye ya Kiswahili isivyobagua mume na mke. Hanzi ya pekee ya mwanamke ilienezwa na Liu Bannong mnamo mwaka 1920, nayo hutofautiana kwa jicho tu, si kwa sikio.

Shule za sekondari za juu nchini China zinalijua tatizo hili na zimelipa jina, changnanju, yaani sentensi ndefu na ngumu, ambazo huandikwa ubaoni na kuchambuliwa: hapa kiima, hapa kiarifu, hapa kishazi tegemezi, hapa kirai cha mahali. Uchambuzi huo una faida, na hakuna haja ya kuudharau, lakini kijana anayeufanya kwa miaka mitatu bila kingine hugeuka kuwa mchinjaji hodari anayejua kila kiungo cha mnyama na asiyejua ladha ya mchuzi. Njia iliyo bora ni kuuchukua uchambuzi kama kibao cha kufundishia mtoto kutembea, kisha kukiondoa. Habari huandikwa kwanza ikiwa imekatwa vipande kwa mistari mirefu ya mkato, kila kipande kikiwa na maana inayojitegemea, na mwanafunzi huisoma kipande kwa kipande kwa mfululizo, bila kutafsiri na bila kusubiri mwisho. Baada ya wiki chache mistari hupunguzwa, na mwishowe hutolewa yote. Lengo ni kumzoeza kuipokea nomino ya Kiingereza mara inapotokea, akaishika mkononi, akaendelea kuivika nguo zinazokuja nyuma yake. Utafiti wa mienendo ya macho umeonyesha kwamba msomaji wa Kichina, kila jicho linapotua, huchota takriban hanzi moja upande wa kushoto na mbili au tatu upande wa kulia, ilhali msomaji wa Kiingereza aliyebobea huchota dalili mpaka herufi kumi na nne au kumi na tano kulia. Kijana anayesogea neno kwa neno akibonyeza kamusi ya simu hana namna ya kuufikia upana huo, kwa sababu jicho halijifunzi kutazama mbali likiwa limefungwa kamba.

Juu ya yote hayo umesimama mtihani. Gaokao, mtihani wa kuingilia vyuo vikuu uliorejeshwa mwaka 1977 baada ya kusitishwa wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, na ambao tangu mwaka 2003 hufanyika mwezi Juni, hutoa alama 150 kwa Kiingereza, na katika karatasi za mfumo mpya zinazotumiwa na mikoa mingi, alama 50 kati ya hizo ni za ufahamu wa kusoma. Mwanafunzi hupewa habari nne fupi zenye maswali kumi na tano ya kuchagua jibu, kisha habari ya tano yenye mapengo matano na sentensi saba, ambapo mbili hazina mahali pa kwenda. Mafunzo ya mtihani huo yamezaa mbinu zake, nayo iliyoenea kuliko zote ni kusoma maswali kwanza, kupigia mstari maneno muhimu, kisha kuyawinda maneno hayo katika habari. Mbinu hiyo huokoa dakika. Inamfundisha pia kijana kwamba habari ni ghala la majibu, kwamba mwandishi hana jambo alilotaka kusema, na kwamba aya isiyoulizwa haistahili kusomwa. Hivyo mwanafunzi anaweza kumaliza mamia ya habari katika miaka mitatu na asikumbuke hata moja iliyomfurahisha au kumwudhi.

Haki inadai kusemwa pia kwamba watunzi wa mtihani wenyewe wamekuwa na busara kuliko wanaoufundishia. Zoezi la sentensi saba na mapengo matano haliwezi kufanywa kwa kuwinda maneno, kwa kuwa linamtaka msomaji auone uzi unaoiunga sentensi na ile iliyotangulia, atambue “this” inarejelea nini na “however” inapinga nini. Zoezi jingine, lililoanza kutumika mkoani Zhejiang mwaka 2016 na kusambaa baadaye, humpa mwanafunzi hadithi isiyokamilika na kumtaka aiendeleze kwa aya mbili ambazo sentensi zake za mwanzo zimetolewa, kwa urefu wa maneno takriban 150, na lina thamani ya alama 25. Asiyemjua mhusika hawezi kumwendeleza. Mazoezi haya mawili yangestahili kuwa chakula cha kila wiki tangu mwanzo wa sekondari, badala ya kuhifadhiwa kwa miezi ya mwisho pamoja na karatasi za mitihani iliyopita.

Walimu wa China hutofautisha jingdu, ambayo ni kusoma kwa kina, na fandu, ambayo ni kusoma kwa mapana, na mara nyingi ubishi juu ya mazoezi ya kusoma huishia kuwa ubishi kati ya mbili hizo. Kusoma kwa kina kuna mizizi ya karne nyingi. Zhu Xi, mwanafalsafa wa enzi ya Song aliyefariki mwaka 1200, aliwahimiza wanafunzi wake wasome kidogo, warudie mara nyingi na watafakari polepole mpaka maneno ya kitabu yawe kana kwamba yanatoka vinywani mwao wenyewe, na anayekiuka utaratibu huo Wachina humsema kwa nahau ya mtu anayemeza kunazi nzima bila kuitafuna. Mkunazi ni mti unaojulikana vizuri pwani ya Afrika Mashariki, na yeyote aliyewahi kula tunda lake anajua kwamba utamu uko katika nyama nyembamba iliyoizunguka kokwa. Aliyemeza hakuonja kitu. Hata hivyo utamaduni huohuo una sauti nyingine, ya mshairi Tao Yuanming aliyeishi katika karne ya 4 na ya 5, ambaye katika maelezo mafupi ya maisha ya bwana mwenye miti mitano ya mierebi alimsifu mtu anayependa vitabu na asiyejisumbua kutafuta ufafanuzi wa kila kitu, lakini ambaye furaha humfanya asahau chakula kila anapopatana na maana. Sifa hiyo leo hutumiwa zaidi kama lawama, kumsema mwanafunzi mzembe, na hilo ni jambo la kusikitisha, kwa kuwa Tao alikuwa akimweleza msomaji mwenye raha.

Kijana anayejifunza lugha ngeni anahitaji kuwa wanafunzi wa wazee hao wote wawili, ila kwa vipimo tofauti na vya sasa, maana hivi sasa Zhu Xi amepewa wiki nzima na Tao hakupewa hata Jumapili. Sababu ya kumpa Tao nafasi ni ya kihesabu. Mwaka 2000 mtafiti Hu pamoja na Paul Nation, mtaalamu wa msamiati wa New Zealand, walionyesha kwamba ili msomaji aielewe hadithi vya kutosha bila msaada, anapaswa kuyajua maneno 98 katika kila 100, yaani akutane na neno geni moja tu katika kila maneno 50. Nation alionyesha tena mwaka 2006 kwamba kuifikia asilimia hiyo katika riwaya au gazeti kunahitaji familia za maneno 8,000 hadi 9,000, ambapo familia moja ni neno pamoja na maumbo yake yote ya unyambuaji. Mtaala wa sekondari ya juu nchini China unalenga maneno takriban 3,000. Mzazi anayemnunulia mwanawe riwaya nene ya Kiingereza kwa nia njema, kwa hiyo, humnunulia kamusi iliyovaa jalada la riwaya, na kijana huiweka rafuni baada ya sura ya kwanza akiamini kwamba kosa ni lake.

Dawa ilikwisha kupatikana zamani, tena Asia. Katika miaka ya 1920 Michael West, aliyekuwa akifanya kazi Dhaka katika Bengali ya wakati huo, aliona kwamba vitabu vya kusomea viliwarundikia wanafunzi maneno mapya kwa wingi usiobebeka, akaanza kuviandika upya kwa msamiati wenye mipaka, huku maneno mageni yakiingizwa machache kwa nafasi. Huko ndiko zilikoimarika hadithi za madaraja, yaani vitabu vilivyoandikwa kwa ngazi, ambapo ngazi ya chini hutumia maneno mia chache na ya juu huzidi elfu mbili. China mfululizo wa Oxford Bookworms unajulikana kwa jina la Shuchong, mdudu wa vitabu, na huuzwa ukiwa na Kiingereza na Kichina pamoja. Kanuni ya kuvitumia ni ngumu kukubalika kuliko kueleweka: kitabu kiwe chepesi mpaka kionekane hakifundishi chochote. Wepesi ndio unaoliruhusu jicho kwenda bila kusimama, na maneno yaleyale yakijirudia katika sura kumi tofauti huzama pasipo kukaririwa, pamoja na miundo ya sentensi ambayo hakuna ubao ungeweza kuimaliza. Mwalimu aliyezoea kupima kila kitu hupata shida hapa, kwani ripoti, maswali ya ufahamu na orodha ya maneno mapya mwishoni mwa kila kitabu huirudisha raha ile katika kazi, na kijana hurudi kuwinda majibu.

Swali la muda haliepukiki. Mwezi Julai 2021 serikali ya China ilitangaza sera iitwayo kupunguza maradufu, iliyobana kazi za nyumbani kwa shule za msingi na sekondari za chini na kuwekea masharti makali tuisheni za kibiashara, na wengi walitarajia jioni za watoto zifunguke. Kwa kijana wa sekondari ya juu, hasa aliyeko bweni, jioni bado ni ya wanzixi, yaani kujisomea darasani mpaka usiku. Dakika 20 za kitabu chepesi ndani ya saa hizo, zikitolewa kwa ridhaa ya shule na si kwa kuibwa chini ya dawati, ni takriban maneno 2,000 kwa msomaji wa mwendo wa maneno 100 kwa dakika. Na mwendo huo wenyewe utaongezeka, ukikumbukwa mwendo wa watu wazima wasomao Kiingereza kama lugha yao, ambao uchambuzi wa tafiti nyingi uliofanywa na Marc Brysbaert mwaka 2019 uliukadiria kuwa maneno 238 kwa dakika kwa maandishi yasiyo ya kubuni.

Zile hadithi za lugha mbili zina mtego wake, kwa kuwa katika baadhi ya matoleo Kichina hukaa ukurasa wa pili kikitazamana na Kiingereza, na jicho, kama maji, hukimbilia penye mteremko. Kipande cha karatasi ngumu chenye ukubwa wa ukurasa kinatosha. Kijana hukilaza juu ya Kichina, husoma sura nzima ya Kiingereza bila kamusi, akiyaruka asiyoyajua kama Tao, kisha hukiinua na kuisoma sura ileile kwa lugha aliyozaliwa nayo, akipima hadithi aliyoijenga kichwani dhidi ya ile iliyochapishwa. Na pale zinapoachana, ambapo baba ndiye aliyeondoka kwenda Shanghai badala ya mvulana wa magazeti, ndipo penye sentensi moja ya kumpelekea mwalimu kesho yake, itafunwe polepole mpaka kwenye kokwa.